Dawa ipo, mgonjwa yuko wapi? Hotuba ya Siku ya Kifua Kikuu, Morogoro

(Hii ni hotuba niliyoitoa tarehe 24 Machi 2025 hapa Morogoro. Wengi hawakufika, ile mvua mnaijua wenyewe, wakaomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, zile picha za ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu shikamooni. Kina mama, hamjambo? Vijana, mambo? ... Mbona mnaitikia kama mmetoka msibani, vijana MAMBO? Haya, hapo sawa.

Mwenyekiti wetu wa mtaa asante kwa kunikaribisha. Sheikh na mchungaji nawaona mmekaa kiti kimoja pale mbele, kumbe inawezekana. Mimi kama mlivyoambiwa ni muuguzi, nimekaa kliniki ya TB mpaka nimestaafu, na hata sasa nikipita sokoni kuna watu wananiita mama makohozi. Sikasiriki. Ndiyo kazi iliyosomesha wanangu.

Naanza na swali. Ni ugonjwa gani wa kuambukiza unaoua watu wengi kuliko yote duniani? Semeni msiogope. Nasikia Ukimwi. Nasikia malaria. Huyu anasema Korona. Korona kweli iliongoza miaka ile mitatu, lakini imeshateremka na mwenye kiti chake amerudi kukaa. Ni TB jamani. Kifua kikuu. Mwaka 2023 peke yake watu milioni 10.8 waliugua duniani na watu milioni 1.25 wakafa. Ukigawa kwa siku ni zaidi ya watu 3,400 kila siku, leo, kesho, Jumapili, sikukuu, mpaka mwaka unaisha.

Sasa ngoja niwaambie kinachonikosesha usingizi. Huu siyo ugonjwa usio na dawa. Dawa ipo. Ni vidonge, ni miezi 6, na hapa kwetu ni bure, unaingia kituo cha serikali unapewa hulipi hata mia. Dawa ipo! Sasa kama dawa ipo, hao milioni na robo wanakufa na nini?

Wanakufa kwa sababu dawa imekaa mahali na mgonjwa yuko mahali pengine. Basi. Ndiyo hotuba yangu yote hiyo, mwenye haraka anaweza kuondoka sasa hivi. Kila mahali TB iliposhindwa ujue kuna mtu aliinuka akamfuata mgonjwa alipo, na kila mahali ilipotushinda ni pale tulipokaa kwenye meza zetu tukasubiri aje mwenyewe.

Tarehe ya leo haikuokotwa. Tarehe 24 Machi mwaka 1882 daktari mmoja Mjerumani, Robert Koch, alisimama mbele ya wenzake Berlin akawaambia nimekipata kijidudu kinacholeta huu ugonjwa. Wakati ule Ulaya TB ilikuwa inaua watu balaa, Koch mwenyewe alisema katika kila watu 7 wanaokufa mmoja ni wa TB. Kwa hiyo msikubali mtu awaambie huu ni ugonjwa wa Waafrika. Wazungu waliumwa, wakafa, matajiri kwa masikini. Wao ukawapungua nyumba zilipokuwa bora na chakula kikapatikana, halafu baadaye dawa zikaja zikamalizia.

Kabla ya dawa walikuwa wanafanyaje? Walikuwa wanawatenga. Unajengewa hospitali mlimani kwenye baridi na hewa safi, unakaa huko miezi, wengine miaka, unalala, unakula, unaomba Mungu. Hata sisi tunayo yetu, Kibong'oto, kule Siha mkoa wa Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926. Sasa hivi ni hospitali kubwa ya magonjwa ambukizi, inatibu TB sugu, tunajivunia. Ila enzi hizo kuambiwa unapelekwa Kibong'oto nyumbani walikuwa wanakulilia kabisa kama umeshakufa, bibi yangu alikuwa analitaja hilo jina kwa sauti ya chini.

Halafu dawa zikagunduliwa. Streptomaisini mwaka 1943, isoniazidi mwaka 1952. Lakini mawazo yakabaki ya zamani, kwamba mgonjwa wa TB lazima alazwe. Sasa India wagonjwa ni mamilioni, vitanda vya kuwalaza wote unavitoa wapi? Ndipo pale Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai, mwaka 1956 watafiti wakafanya jambo la akili sana. Walichukua wagonjwa masikini wa mitaa ya mabanda wakawagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza wakalazwa hospitali, chakula kizuri, mapumziko, manesi. Fungu la pili wakapewa dawa zilezile lakini wakabaki kwao, kwenye vile vyumba vyao vya kubanana na chakula chao cha shida, na wengi wakarudi kwenye vibarua.

Mnadhani nani walipona zaidi?

Walipona karibu sawa! Majibu yalipotoka mwaka 1959 dunia haikuamini. Na tena, hili ndilo nataka mlishike, ndugu waliokuwa wanaishi nyumba moja na wale wagonjwa hawakuugua zaidi kuliko ndugu wa wale waliolazwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu akishaanza dawa sawasawa, baada ya kama wiki mbili wengi wao hawaambukizi tena. Anayekuambukiza ni yule ambaye hajajijua. Huyo asiyetibiwa kwa mwaka mmoja anaweza kuambukiza watu 10 hadi 15 wa karibu yake.

Kwa hiyo nyie mnaomtengea mgonjwa kikombe chake, sahani yake, kijiko chake kimefungwa kamba nyekundu, mnahangaika bure. Kikombe hakina kosa. TB iko kwenye hewa. Mtu akikohoa vijidudu vinaelea, chumba kikiwa hakina dirisha vinakaa saa nyingi. Badala ya kumfungia kijiko kamba, fungua dirisha. Na kwenye daladala pia, najua mvua, najua nywele za kina dada, lakini fungueni hata kidogo.

Sasa nije nyumbani. Nani hapa anajua kwamba mfumo wa kutibu TB ambao dunia nzima iliuiga ulipikwa Tanzania? Inua mkono. Mmoja ... wawili. Na wewe mwalimu najua umeinua kwa sababu unaona aibu.

Mwaka 1977 serikali yetu ilianzisha mpango wa taifa wa TB na ukoma. Kuna daktari mmoja akaja kusaidia, anaitwa Karel Styblo, mtu wa Chekoslovakia. Huyu bwana TB hakuisoma kwenye kitabu tu, wakati wa vita kuu ya pili Wanazi walimfunga kambi ya Mauthausen na huko akaugua TB mwenyewe. Akapona, akawa daktari. Alipokuja huku akakuta nini? Akakuta nchi masikini, hospitali chache, lakini ina zahanati mpaka vijijini, zile zahanati za enzi ya Mwalimu ambazo wengine siku hizi mnazicheka. Styblo hakuzicheka. Yeye na Watanzania aliofanya nao kazi wakasema humuhumu tunatibu.

Walifanya nini? Siyo mashine. Walifanya mambo ya kawaida mpaka unaweza kudharau. Darubini ya kuangalia makohozi wilayani. Dawa zisikatike stoo hata siku moja. Mtu anayemwona mgonjwa akimeza. Mratibu wa wilaya mwenye usafiri, anazunguka zahanati hadi zahanati anakagua. Na daftari! Daftari kubwa la rejesta, mimi nimezeeka nalo, kila mgonjwa ana mstari wake, jina, kijiji, uzito, makohozi ya mwanzo, makohozi ya mwezi wa pili, makohozi ya mwisho, na pale mwisho lazima uandike kapona, kafa, kahama au kapotea. Huwezi kuacha wazi. Mgonjwa akipotea mstari wake unakukodolea macho kila ukifungua daftari mpaka unyanyuke uende ukamtafute.

Wakatumia na dozi fupi ya miezi 8 badala ya ile ya mwaka na zaidi. Kufika miaka ya 80 karibu wagonjwa 8 kati ya 10 walikuwa wanapona, katika nchi ambayo, wazee mnakumbuka, sukari ilikuwa kwa foleni na sabuni ni kwa kujuana! Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani likatangaza TB ni janga la dharura duniani, mwaka huohuo Benki ya Dunia ikaandika kwamba kutibu TB namna hii ni moja ya matumizi bora kabisa ya hela ya afya, na mfumo ukapewa jina, DOTS, yaani dozi fupi ambayo mgonjwa anaimeza akiangaliwa, ukapelekwa kila bara. Ulianzia kwenye zahanati za vijijini za Tanzania. Watoto wetu hawafundishwi hili, wanafundishwa sijui mto gani mrefu Ulaya.

Na huku Afrika Mashariki pia, Kenya, Uganda na Tanzania, ndiko miaka ya 70 mwanzoni wagonjwa walikubali kujaribiwa zile dozi fupi za miezi 6 ambazo mgonjwa wa London anameza leo. Hawa majina yao hatuyajui lakini dunia ina deni kwao.

Haya, mtaniambia mama hiyo ni historia, leo vipi? Leo nawapa stori moja.

Kuna kijana mmoja, jina silitaji, alikuwa saidia fundi kwenye majengo huko Kihonda. Akaanza kukohoa. Akaenda wapi? ... Ehee, duka la dawa. Akapewa dawa ya maji ya kifua. Imeisha, karudi, kapewa amoksilini, nusu dozi kwa sababu hela ilikuwa ya nusu dozi. Nafuu siku mbili tatu. Karudi tena kapewa nyingine yenye jina gumu zaidi na bei kubwa zaidi. Kikohozi kipo. Sasa usiku anaamka shuka limelowa jasho, suruali anaikaza na kipande cha kamba, na bado asubuhi anaenda kubeba zege maana asipobeba halali na chakula tumboni. Shangazi mtu akasema huyu kafanyiwa, wakampeleka kwa mtaalamu, hela ya kuku mweusi ikatoka, hela ya kafara ikatoka. Anapofika kliniki kwetu ameshauza simu.

Dada wa maabara akachukua makohozi akaingiza kwenye ile mashine ya GeneXpert. Jibu lilitoka chini ya saa mbili. Miezi yote ile ya kuhangaika, jibu la saa mbili. Nikamuuliza unalala wapi, akasema chumba kimoja na wenzake watatu na dirisha wameziba kwa boksi, mbu wanasumbua. Mnaona sasa.

Tukamuanzishia dawa. Kesho yake asubuhi na mapema yuko mlangoni anatetemeka, mama figo zimepasuka, mkojo umekuwa kama mirinda! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hiyo ni rifampisini tu, ni dawa inafanya kazi, na wauguzi wenzangu mlioko hapa muwaambie wagonjwa KABLA, maana wengine hawarudi kuuliza, wanaacha kimyakimya.

Baada ya mwezi na kitu akanenepa, nguvu ikarudi, akapata kibarua Dumila, akapotea. Hapa ndipo wengi tunawapoteza. Siyo akiwa hoi, ni akiwa amepata nafuu. Mtu anajisikia mzima, vidonge vinachefua, kazi imepatikana, kliniki iko mbali, nauli ya kwenda kuchukua dawa ya bure ni hela ya kula siku mbili. Sasa hapo utamlaumu nani? Utafiti wa Shirika la Afya Duniani kwenye nchi nyingi umeonyesha karibu nusu ya familia zenye mgonjwa wa TB zinapata hasara kubwa, zaidi ya asilimia 20 ya kipato cha mwaka, na dawa zenyewe ni bure! Hasara ni nauli, ni siku za kazi zilizopotea, ni chakula, ni kile kilichouzwa kabla hajajua anaumwa nini.

Aliyemuokoa yule kijana siyo mimi. Ni mama mmoja muuza vitumbua, ndiye mhudumu wetu wa afya wa jamii mtaa ule. Aliona siku mbili hajapita kunywa uji na kumeza dawa pale kwake, akauliza mafundi, akapata namba ya msimamizi wa kazi, akapiga mpaka akampata, akamtukana kidogo, halafu akaniambia niwapigie zahanati ya hukohuko wampe dawa. Akamaliza dozi. Huyo mama alikuwa halipwi mshahara, anapewa posho ikipatikana. Nchi inasimama kwa watu kama hawa halafu kwenye sherehe tunawakalisha nyuma kwenye jua.

Na mkiwa Morogoro siwezi kuacha kuwasifia panya wetu. Msicheke! Panya buku wa shirika la APOPO pale SUA, chuo kikuu chetu cha kilimo, wanafundishwa kunusa makohozi, panya mmoja anapita sampuli 100 kwa dakika kama 20, akinusa TB anakwaruza anapewa kitu kitamu. Wanapitia zile sampuli ambazo hospitali ilishasema hazina kitu, na wanakuta wagonjwa humo. Mimi nawaheshimu kuliko baadhi ya madaktari niliofanya nao kazi. Lakini panya akishasema huyu ana TB, mwenye makohozi yuko wapi? Ameshaambiwa hana kitu, ameshaondoka. Ndiyo maana Dar es Salaam kuna watu wa kikundi cha MUKIKUTE kule Temeke, wengi wao waliwahi kuumwa TB wenyewe, wanachukua jina wanaingia mtaani kuuliza nyumba kwa nyumba mpaka wanampata. Bila wao kazi ya panya inaishia kwenye karatasi.

Duniani mwaka ule wa 2023 watu milioni 8.2 walipimwa na kuandikishwa, kati ya wale milioni 10.8. Hao milioni 2 na ushee waliobaki wako wapi? Wako kwenye vyumba vilivyozibwa na boksi.

Sasa niongee kidogo kuhusu TB sugu, hii inaogopesha na ni lazima iogopeshe. Mtu akiacha dawa katikati, au akipewa dozi mbovu, vijidudu vilivyobaki vinakuwa vimeshazoea, dawa za kawaida haziviui tena. Na akikuambukiza wewe, unaanza moja kwa moja na ile sugu wakati hujawahi kuacha kidonge hata kimoja. Zamani matibabu yake yalikuwa mateso, mwaka na nusu mpaka miwili, na sindano kila siku kwa miezi, na zile sindano zilikuwa zinaua masikio.

Kuna binti wa Afrika Kusini anaitwa Phumeza Tisile, wa Khayelitsha kule Cape Town. Mwaka 2010 alikuwa mwanafunzi wa chuo akaugua. Alimeza maelfu ya vidonge, matibabu yalikwenda zaidi ya miaka 3, akapona, lakini akawa kiziwi. Mwenzake Nandita Venkatesan wa India naye TB ilimpata mara mbili, naye masikio yakaenda. Na wakati huo kulikuwa na kidonge kipya, bedakwilini, kimeidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, kinafanya ile sindano isihitajike. Lakini bei! Kampuni ya Johnson & Johnson ilikuwa na hataza, na ikaomba India iongezewe muda mpaka 2027, maana yake viwanda vya India visitengeneze ya bei nafuu.

Hawa mabinti wawili wasiosikia wakapeleka pingamizi mwaka 2019. Wawili, dhidi ya kampuni kubwa namna ile! Tarehe 23 Machi 2023, mkesha wa siku kama ya leo, India ikatoa uamuzi, ombi la kampuni limekataliwa. Mwaka huohuo dawa za viwanda vingine zikaingia, bei ikashuka karibu nusu, na siku hizi TB sugu kwa wagonjwa wengi ni vidonge vya miezi 6 bila sindano. Kijana wetu akiugua TB sugu leo akatibiwa Kibong'oto masikio yake yakabaki, ajue kuna watu waligombania.

Nimesema msiniruhusu niongee muda mrefu na mwenyekiti ananiangalia saa. Mwenyekiti, bado kidogo, suala la chakula na TB sijaligusa.

TB inapenda mwili uliochoka. Karibu robo ya watu duniani wamewahi kuingiwa na vijidudu hivi, mimi kwa kazi yangu nina hakika ninavyo, lakini kati ya walio navyo ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaougua maishani. Vinasubiri kinga ishuke. Virusi vya Ukimwi, kisukari, pombe, sigara, vumbi la migodini, hawa vijana wetu wa Mirerani wanajua. Na njaa. Njaa hatuitaji kwa sababu tunaona aibu.

Kule India jimbo la Jharkhand watafiti waliwafuata ndugu wa wagonjwa, watu zaidi ya 10,000, wakawagawa. Upande mmoja kila mtu mzima nyumbani alipewa kwa mwezi kilo 5 za mchele, kilo moja na nusu ya dengu na vidonge vya vitamini. Hakuna maajabu, mchele na dengu! Majibu yalitoka mwaka 2023, wale waliopewa chakula waliugua TB pungufu kwa karibu asilimia 40. Tunasubiri chanjo mpya, na ipo moja inajaribiwa, mpaka Kenya wanashiriki, Mungu asaidie, maana hii BCG ya kovu la begani ilianza mwaka 1921 na inakinga watoto wadogo zaidi kuliko sisi wakubwa. Lakini wakati tunasubiri, maharage yapo. Msikiti una zaka, kanisa lina sadaka. Sheikh, mchungaji, mkiulizwa mtamsaidiaje mgonjwa wa TB na familia yake kabla ya kumwombea, mpelekeeni mchele.

Halafu suala la aibu. Watu wanasema TB ni ya walevi, ni ya wenye Ukimwi. Mandela alikuwa mlevi? Mwaka 1988 akiwa gereza la Pollsmoor alianza kukohoa, wakampeleka hospitali ya Tygerberg wakamtoa maji kifuani, ni TB. Akameza dawa, akapona, akatoka jela, akawa rais, akaishi mpaka miaka 95. Mwenye nyumba ukimfukuza mpangaji kwa sababu ana TB ujue hata Mandela ungemfukuza.

La mwisho ni hela, na hapa sitanii. Mmesikia Januari mwaka huu Marekani imesimamisha misaada. Marekani ndiyo ilikuwa inatoa hela nyingi kuliko nchi nyingine yoyote inayosaidia TB. Shirika la Afya Duniani mwezi huu limesema kwenye nchi kadhaa wahudumu wameachishwa kazi na usafirishaji wa sampuli umekwama. Hebu fikirini ni nani wa kwanza kukatwa. Siyo bosi. Siyo daktari. Ni yule anayemfuata mgonjwa! Bodaboda anayebeba sampuli, mama wa vitumbua na kaposho kake. Dawa stoo zinaweza kuwepo na watu wakafa hukohuko mtaani. Sisi Tanzania vifo vya TB vimeshuka zaidi ya nusu tangu 2015, siyo kitu cha kuchezea. Diwani wetu uko hapa nimekuona, kikao cha bajeti kinakuja, posho ya wahudumu wa jamii isiwe ya kusubiri mfadhili. Tutakuja kukaa nyuma ya ukumbi tusikilize, na mimi nina muda, nimestaafu.

Sasa kabla hamjatawanyika. Dada zetu wa maabara wako nje upande wa kushoto na vikopo. Mtu yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au jasho la usiku, au homa za jioni, au nguo zimeanza kumpwaya bila kupenda, au anaishi na mgonjwa, achukue kikopo. Siyo mate jamani, mate hayana kazi. Nenda pembeni kwenye hewa, mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu halafu kohoa kutoka chini kabisa kifuani, tema ndani ya kikopo, funika, nawa mikono, rudisha. Mtoto mdogo asiyeweza kukohoa mama asiondoke, siku hizi hata choo chake kinapimwa. Namba ya simu mtakayoandikisha iwe ya kweli na muandike na ya jirani, maana tutawapigia, na usipopokea tutakuja mpaka mlangoni.

Chai ipo, lakini kikopo kwanza. Na wewe kaka wa koti la bodaboda uliyekohoa tangu naanza kuongea mpaka sasa, usijifiche nyuma ya mwenzio, nimeshakuona, njoo wa kwanza kwenye foleni.